Kamba Nilizozikaza Mbugani

Siku yangu ya kwanza kazini kigingi changu kilipigwa teke. Kiling'oka kama jino la mtoto, kikaruka mpaka kwenye ukuta wa ghala. Aliyekipiga alikuwa Nyapara Kapela, msimamizi wa mahema yote ya idara ya upimaji ardhi pale Tabora, na mguuni alikuwa na makubazi ya tairi. Ulikuwa mwaka wa pili baada ya Uhuru. Nilikuwa kijana nimetoka shule, najua kusoma na kuandika, nikasikia kwamba mzee yule hajui hata kuandika jina lake. Basi nilikuwa nimekwisha kumdharau kabla hajafungua mdomo.

"Maganga," akaniambia, "hiki ulikipigilia au ulikiegesha?"

"Nimekipigilia, mzee."

"Mimi nimevaa makubazi na kimenitii. Upepo wa masika hauji na makubazi. Rudia."

Nilirudia mpaka adhuhuri. Nilijifunza siku hiyo kwamba kigingi hakisimami wima kama askari wa gwaride. Kinalala: kichwa kinaegemea nje, kulipa hema kisogo, na ncha inaingia ardhini kuelekea chini ya hema. Kamba ikivuta, inakigandamiza kwenye udongo badala ya kukichomoa. Nilijifunza pia kwamba nyundo ya chuma inapasua kichwa cha kigingi, kwa hiyo tulitumia nyundo ya mti, nzito, ya kushikwa kwa mikono miwili. Jioni viganja vyangu vilikuwa malengelenge matupu. Kapela akaviangalia, akacheka, akasema, "Haya, sasa umeajiriwa."

Nawaandikia ninyi mnaodhani kupiga hema ni kazi ya mtu aliyeshindwa kazi nyingine. Wapima walikuwa na darubini zao za miguu mitatu na minyororo yao ya kupimia, na majina yao yako kwenye ramani. Sisi hatumo. Lakini hakuna ramani hata moja ya nchi hii ya magharibi iliyochorwa na mtu aliyelowa usiku kucha. Tuliwalaza pakavu. Nasema hivyo na sitaomba radhi.

Kapela alikuwa na elimu yake. Babu yake alikuwa mpagazi, mmoja wa Wanyamwezi waliobeba mizigo kutoka Unyanyembe mpaka pwani na kurudi, na mzigo wake ulikuwa hema la tajiri. Katika misafara ile, aliyelibeba hema ndiye aliyelipiga, na likianguka hakuwa na wa kumsingizia. Kapela alituletea sheria hiyo kazini. Kila mpiga hema alikuwa na alama yake, anaikata kwa kisu kwenye vichwa vya vigingi vyake vyote. Yangu ilikuwa mikato mitatu. Hema moja, mtu mmoja, alama moja. Kigingi kikichomoka, unakiokota, unasoma, unajua nani wa kuulizwa. "Sijui kusoma kitabu," alikuwa akisema, "lakini kigingi nakisoma."

Kambi yangu ya kwanza ilikuwa Igalula, kando ya reli. Kule ardhi ni mchanga. Unapigilia kigingi kinazama chote, unafurahi, upepo unakuja unakitoa kama sindano kwenye kitambaa. Kapela alituonyesha kuzika gogo. Unachimba shimo la kufika gotini, unalaza gogo la mkono mzima, unalifunga kamba katikati, unafukia na kushindilia kwa miguu. Hema lililofungwa kwenye gogo la kuzikwa unaweza kulifungia ng'ombe. Mpima wetu wa Igalula, mtu mkimya aliyependa chai ya tangawizi, alikuja kila jioni kuvuta kamba za hema lake kwa kidole kimoja. Akiridhika anasema, "Nitalala." Hatukuhitaji sifa nyingine. Huyo Mpima mshikeni akilini, kwa sababu baadaye alipandishwa akawa mkubwa wa ofisi nzima ya Tabora, na atarudi katika habari hii.

Baada ya hapo nilipelekwa Ulyankulu, walipoletwa ndugu zetu waliokimbia Burundi. Tulipiga mahema mengi kwa haraka, na nilikosea. Nilipanga karibu karibu, kamba za hema hili zikapita juu ya vigingi vya hema lile, na watu wakawa wanajikwaa usiku na mchana. Kapela akanifanya niyang'oe yote. Sikununa. Nilikuwa nimeona mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akianguka kifudifudi kwa kamba yangu, na hilo lilinitosha.

Sasa nije kwenye mbuga.

Wakati wa kuhamisha watu vijijini ulipofika, idara yetu ilitakiwa kupima viwanja vya kijiji kipya upande wa magharibi, jirani na ile njia ya zamani ya misafara iendayo Ujiji. Tukapewa Mkuu wa Kambi mpya kutoka Dar es Salaam. Jina lake nalihifadhi, kwa kuwa ana watoto na wajukuu ambao hawakunikosea kitu. Alikuwa kijana kuliko mimi, suruali imepigwa pasi mpaka mkunjo unaweza kukata muwa, na alimwita kila mtu "Ndugu". Nami sina ugomvi na neno hilo, ni neno zuri. Ila kuna watu wakikuita ndugu unaangalia kwanza nyuma yako kuna nani.

Kapela alitaka tupige kambi juu kwenye kilima kidogo penye miyombo, udongo mwekundu, wenye kushika. Mkuu wa Kambi akasema hapana, tupige chini mbugani, kwa sababu mbuga iko wazi na kambi itaonekana kutoka barabarani. Mwenyeji wa huku anaijua mbuga. Kiangazi udongo wake mweusi unapasuka na kuwa mgumu kama tofali, unapigilia kigingi mpaka mkono unakufa ganzi. Mvua ikinyesha, tofali lile linageuka uji. Kapela alimweleza yote hayo kwa adabu. Akajibiwa, "Ndugu Nyapara, tunakwenda mbele, haturudi porini." Tukashuka mbugani.

Tukaambiwa atakuja mgeni mkubwa kutoka mkoani. Likapigwa hema kubwa la kumpokelea, la nguzo mbili na mti mzito wa mgongoni uliolazwa juu ya nguzo hizo, na hema hilo nilipewa mimi. Nililifunga vizuri. Nilichimba mfereji kulizunguka ili maji yasiingie. Niliomba siku mbili za kuzika magogo kwenye pembe zake nne, nikanyimwa, eti mashimo yataharibu sura ya uwanja.

Siku ya ugeni, ilipofika saa saba mchana, wingu lilisimama mashariki, jeusi, limejaa. Bila kuambiwa na mtu tulianza kulegeza kamba. Nieleze kwa nini, maana hapa ndipo penye habari yote. Mahema yetu yalikuwa ya turubai la pamba na kamba zetu zilikuwa za katani. Vitu hivyo vikilowa havirefuki, vinajikunja, vinafupika. Kamba uliyoikaza ikiwa kavu, ikilowa inavuta kwa nguvu ambayo mtu hana. Ama itapasua turubai, ama itang'oa kigingi. Kwa hiyo mpiga hema anayejua kazi, akiona mvua inakuja, anasogeza kibao cha kukazia kilichopitishwa kwenye kamba na kuiachia pumzi. Hema linaonekana limenywea kidogo. Mvua yenyewe ndiyo itakayolikaza.

Mkuu wa Kambi akapita na fimbo yake ndogo, akaigonga kamba yangu.

"Ndugu Nyapara! Mahema gani haya yamelegea kama mashavu ya bikizee?"

"Tumeyalegeza, Ndugu Mkuu," Kapela akasema. "Mvua ile pale. Katani ikilowa inajivuta."

"Kamba ikilowa inalegea. Kila mtu anajua."

"Hii inakaza, Ndugu Mkuu. Hata kamba ya kuanikia nguo, ukiitazama."

"Mimi nimesomea kazi, wewe unaniambia habari za kuanika nguo? Mgeni wa mkoa aje aone kambi imelala usingizi? Ataandika kwamba Tabora kuna uzembe. Kaza! Kamba ilie kama zeze."

Neno uzembe siku zile halikuwa mchezo. Mtu aliweza kuondoka nalo kazini na lisimwache maisha yake yote. Kapela alilitazama lile wingu, akanitazama mimi. Nasi watu wa Unyamwezi tuna ugonjwa wetu: mgeni. Mgeni akija, hata nyumba inaungua utamwekea kiti kwanza. Nikaona uso wa mzee unalainika.

"Kaza, Maganga," akasema. "Mgeni akishapita tutalegeza."

"Ndiyo, Ndugu Mkuu," nikamwambia mwenye fimbo.

Nikakaza. Nilijua, nikakaza. Kamba moja baada ya nyingine, kwa mikono yangu, mpaka zikalia kweli.

Mvua ilitangulia mgeni. Ilikuja na upepo mara moja, wala haikupiga hodi. Akina mama wa kijiji waliokuwa wamefika kuimba wakakimbilia ndani ya hema kubwa, wakajazana. Nilikuwa upande wa jikoni nikisaidia kuokoa unga. Nikamwona Kapela anapita mbio, mzee yule, kanzu yake imemganda mwilini, anapiga kelele, "Tokeni! Tokeni humo jamani!" Akafika pembe ya mashariki, akapiga magoti kwenye tope, akaanza kulegeza. Kamba ilikuwa imevimba, kibao hakisogei. Akina mama wakamsikia wakatoka, wote, Mungu ashukuriwe, mpaka wa mwisho. Ndipo vigingi vya upande ule vikaanza kuchomoka, kimoja, viwili, kisha vyote kwa pamoja. Nguzo ikaenda, na ule mti wa mgongoni ukaja chini. Ulimpata juu ya goti.

Tulimtoa watu sita. Alikuwa macho. Alichosema ni, "Akina mama wametoka?" Nikamwambia wametoka. Akafumba macho. Lori la kambi likampeleka Tabora hospitali, nami nikabaki nimeshika kigingi chenye mikato mitatu.

Na mgeni? Hakufika. Gari lake lilikwama kwenye tope, akageuza.

Siku ya nne Mkuu wa Kambi akaniita hemani kwake. Mezani kulikuwa na karatasi mbili zilizokwisha kupigwa chapa. Akanikaribisha kiti, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu afike.

"Ndugu Maganga, wewe umesoma. Kambi inataka nyapara anayesoma." Akaisukuma karatasi ya kwanza. Ilikuwa barua ya kunipendekeza niwe Nyapara wa Kambi. Moyo uliruka, sitaficha. Nilikuwa na mke na watoto watatu, na cheo hicho nilikuwa nimekiota kwa miaka.

Karatasi ya pili yalikuwa maelezo. Yalisema kwamba mimi, Maganga, niliona kwa macho yangu Nyapara Kapela akilifunga hema la mgeni, kwamba alilifunga vibaya kwa uzembe na uzee, na kwamba alikuwa ameonywa. Chini palikuwa na nafasi ya sahihi yangu.

"Hii itamfukuzisha," nikasema. "Amebakiza mwaka mmoja astaafu kwa heshima."

"Mzee yule amekwisha, mguu ule hautamrudisha kazini. Wewe bado kijana. Kuna ubaya gani?"

"Ubaya ni kwamba ni uongo."

"Saini, Ndugu. Usijiponze."

Nikatoa kigingi nilichokuwa nimekichomeka kiunoni, nikakiweka juu ya barua yake. Tope lilikuwa limekaukia juu yake.

"Unaona mikato hii mitatu? Hii ni alama yangu. Vigingi vyote vya hema lile vina alama hii, nenda ukaviangalie. Kapela hakulifunga hema lile. Nililifunga mimi. Kamba nilizikaza mimi. Na aliyesema kaza ni wewe."

Alikisukuma kigingi pembeni. Kisha akasema polepole, "Kwa hiyo unakiri kosa ni lako?"

"Nakiri langu. Wewe kiri lako. Nipe karatasi nyeupe."

Hakunipa. Nilikwenda kwa mwalimu wa kijiji, nikaomba karatasi za daftari, nikaandika yote kwa mwandiko wangu: wingu, saa, maneno ya Kapela, maneno ya Mkuu, maneno yangu, mikono yangu. Nikapanda treni mpaka Tabora, nikaingia ofisini kwa yule Mpima wetu wa Igalula. Nilimwamkia, nikasimama. Alisoma mara mbili. Akaniuliza swali moja tu: "Ulijua kwamba litaanguka?"

"Nilijua, Bwana Mpima."

"Na ukakaza."

"Nikakaza."

Akaiweka karatasi ndani ya faili la Kapela, akalifunga. "Basi umejiandikia mwenyewe," akasema. "Cheo hutapata, na mimi sitaweza kukusaidia."

"Sikuja kuomba cheo."

Kapela alistaafu mwaka uliofuata kama Nyapara, kwa barua safi, ingawa kwa magongo. Mkuu wa Kambi alihamishwa kimya kimya, nikasikia amepanda. Ndivyo ilivyo, wengine huangukia juu. Mimi nilipewa onyo la maandishi.

Nilipomweleza Kapela wodini niliyoyafanya, nilidhani atanibariki. Mzee alinifokea mpaka muuguzi akaja.

"Mjinga wewe! Ungesaini uchukue unyapara! Mimi mguu wangu hauna faida tena, ningeishi na jina baya miaka mingapi? Mitano?"

"Hata siku moja usingeishi nalo, mzee."

Akautazama mguu wake uliofungwa mbao. Kisha akaanza kucheka, kile kicheko chake cha siku ya malengelenge. "Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa mimi si nililisikia, Maganga? Nililisikia kabisa!" Tukacheka mpaka machozi, naye akishika goti kwa maumivu.

Nimefanya kazi chini ya manyapara watatu baada yake. Mmoja hakuweza kutofautisha kamba ya katani na mkia wa ng'ombe. Niliwapigia mahema yao, nikawalegezea kamba zao mvua ilipokuja, na walipouliza kwa nini zimelegea niliwaambia, "Kwa sababu nimezilegeza." Hakuna aliyenikazisha tena. Mmoja alinitishia kunishtaki. Nikampa jina langu kamili ili asikosee kuliandika.

Siku ya kuniaga, afisa aliyesoma historia yangu ya utumishi alikuwa mtoto wa juzi. Akasoma, "Mzee wetu alianza akiwa mpiga hema, na leo anastaafu akiwa mpiga hema." Ukumbi ukacheka kidogo, kwa upole. Sikuona aibu. Niliinua mkono, nikasema, "Soma tena, mwanangu, na usishushe sauti." Akasoma tena.

Siku hizi nawaona wageni wakipita Tabora na mahema ya nailoni, mepesi, yanaingia ndani ya begi. Nailoni ikilowa inalegea, hiyo kweli hukazwa wakati wa mvua, kwa hiyo yule Mkuu wa Kambi wetu kosa lake labda lilikuwa kuzaliwa mapema. Lakini kigingi ni kilekile. Kiegemee nje. Mchangani zika gogo. Mbugani, ukiweza, ondoka. Na fundi aliyelifunga hema aulizwe kabla ya mtu aliyekuja kulitazama.

Vijana wanaonijua hupenda kuisimulia habari ya karatasi niliyokataa kusaini. Wananisifia mbele za watu, wananiita jasiri, nami nawaacha waseme, kwa kuwa nilikataa kweli, na ningekataa tena leo. Lakini kukataa kule kulikuwa rahisi. Mzee alikuwa tayari amelala wodini. Siku ya kukataa ilikuwa ile nyingine, saa saba mchana, wingu limesimama, kamba mkononi mwangu bado imelegea. Siku hiyo nilisema, "Ndiyo, Ndugu Mkuu," nikavuta. Kapela alitembelea magongo miaka kumi na mmoja, na kila nilipomsikia anakuja barazani kwangu, gongo, mguu, gongo, mguu, nilikuwa nainuka kwenda kumpokea kabla hajafika mlangoni.